Mashujaa Waliosomwa Kuanzia Kulia

Mimi ni mwanamke mzima, nina mume na nina kazi, na nyumbani kwangu Lindi mjini kuna kabati zima la vitabu vya mashujaa wa katuni. Wale wanaoruka angani, wanaopita katikati ya kuta, wanaovaa nguo za kubana zenye rangi za kuumiza macho. Mashoga zangu wakija kunitembelea wanacheka. Mmoja aliniuliza kama nimemnunulia mtoto. Nikamwambia mtoto bado sijajaliwa, na nikijaliwa atatafuta vyake. Na mtu athubutu kuvigusa ana mafuta ya samaki mikononi! Nimeshamtoa mtu sebuleni kwa kosa hilo, na alikuwa wifi yangu.

Wakiniuliza nilianzaje, huwa nawajibu kwamba vilikuja na boti kutoka Songo Songo. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili inataka mtu akae.

Nililelewa na bibi mzaa mama, Kilwa Kivinje. Mama yangu alifariki wakati mimi ndiyo kwanza nasimama dede, kwa hiyo sura yake naijua kwa picha moja ndogo ya pasipoti, na kwenye picha hiyo amenuna. Baba alikuwa na nyumba nyingine huko Mingoyo. Basi tulikuwa mimi na Bibi. Bibi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na nikimuudhi alinitishia kwamba atamwomba marehemu babu anipe talaka.

Bibi alikuwa mtu wa bagia. Kila alasiri alitoa jiko na karai nje, akakaa barazani, na wateja walikuja mpaka kutoka mtaa wa pili. Shida yake ilikuwa karatasi za kufungia. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mpishi kwenye kambi ya wageni Songo Songo, kule kwenye gesi, na wageni wakimaliza mkataba waliacha vitu vingi nyuma. Siku moja akatuma boksi kubwa la vitabu na salamu: mama, karatasi za bagia hizo.

Bibi akachana ukurasa mmoja, akafunga bagia za moto, akampa mteja mmoja aliyekuwa anakwenda msikitini na kanzu yake nyeupe. Loo! Karatasi ile ilikuwa ya kung'aa, haikunywa mafuta hata tone. Mafuta yote yalimwishia yule baba kifuani. Bibi akaomba radhi mpaka sauti ikakauka, kisha akalisukuma boksi chini ya kitanda, akasema mwanawe siku hizi anapika vyakula vya ajabu mpaka akili zimemruka.

Masika yakaingia. Mvua ikinyesha Kivinje, biashara ya bagia hulala, na mtu akikaa ndani siku ya tatu huanza kufungua hata visivyofunguka. Nikalivuta lile boksi. Bibi akaja, akajifuta mikono kwenye kanga, akaketi mkekani, akachukua kitabu cha juu kabisa akakifungua.

Sasa hapa ndipo penyewe. Bibi hakwenda shule hata siku moja. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu safi kabisa. Kitabu mkononi mwake kilifunguka upande wa kulia, kama msahafu, kama juzuu, kama kila kitabu alichowahi kukishika maishani mwake. Na mimi nilianza chuoni kabla ya shule, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote. Shuleni kitabu kimoja tuligombea watoto sita, na mimi nilikuwa nakaa upande ambao kila kitu kiko kichwa chini. Nani angenifundisha habari za kushoto?

Maneno yalikuwa ya Kiingereza, hakuna aliyeyajua. Tukafuata picha, kutoka kulia kwenda kushoto, kutoka ukurasa wa mwisho kuja wa kwanza.

Picha ya kwanza tuliyoiona ilikuwa daraja limeanguka. Vumbi tupu, vyuma vimepinda, na chini ya kifusi umetokeza mkono wa mwanamke na kipande cha joho la njano, njano hasa, ya bizari. Bibi akasema, "Masikini, kafukiwa." Akafunua. Daraja likainuka! Mawe yakatoka chini yakarudi mahali pake moja moja, yule dada akatokeza mzima, joho linapepea, na mbele yake jitu la chuma refu kuliko mnazi. Jitu likarudi nyuma. Likarudi tena. Likashika njia likaenda zake.

Bibi akaupiga mkeka kwa kiganja. "Kalitia adabu!"

Na viganja vya yule dada, wee acha tu! Moto ulikuwa unatoka kwenye majumba unaingia viganjani mwake, nyumba inabaki nzima na mapazia yake. Tukajua hiyo ndiyo nguvu yake, kunyonya moto. Kulikuwa na wezi walioingia benki magunia yamejaa, wakatoka magunia yananing'inia matupu. "Wametubu," Bibi akasema. "Mwenyezi Mungu awapokelee." Kuna bwana alikuwa amelala barabarani damu zinamtoka, ukurasa unaofuata kasimama ananunua gazeti. Kila tukifunua, mji ulizidi kupona. Na yule dada alizidi kuwa mdogo, mpaka akawa hana joho tena, msichana wa rika langu, amesimama nje ya nyumba inayowaka. Moshi mweusi ukajikunja ukarudi jikoni, na ndani ya moshi akatoka mama. Picha ya mwisho wamekaa mezani wawili tu, mama kashika upawa, binti kanyoosha sahani.

Nisikilizeni vizuri, maana watu hudhani niliwapenda mashujaa kwa sababu ya ngumi. Ngumi niliziona sokoni kila wiki, tena bila kiingilio. Niliwapenda kwa sababu walikuwa wanarudisha. Kilichovunjika kinasimama, aliyelala anaamka, na kazi yote hiyo ikiisha mama yuko mezani anapakua chakula. Nilikuwa mtoto asiye na mama, na nimepata kitabu ambacho mama anarudi. Utanitoa hapo?

Boksi lilikuwa na vitabu vingi. Kulikuwa na mzee mwenye mbawa za shaba, kulikuwa na mapacha wanaopenya ukutani, na wote, wakisomwa kuanzia kulia, walikuwa mafundi wa kuponya dunia. Mvua zilipokatika nikavitoa barazani. Tukitoka chuoni alasiri watoto wa mtaa walikuja kukaa, Bibi anachoma bagia, mimi nashika kitabu juu na kusimulia. Nilikuwa na maringo, sikatai. Asiyenipisha nilimnyima picha. Kila mmoja alijifunga kanga ya mama yake shingoni. Mtoto wa jirani aliteguka mguu kwa kuruka kutoka ukuta wa gofu, mama yake akaja juu kama moto wa makuti, na tulipomwonesha daraja linavyoinuka akakaa akasikiliza mpaka maghribi. Bagia zikawa zinaisha mapema. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu changu ambacho watu walikifuata.

Mwaka ule, Idi ilipokaribia, mjomba akaja likizo na mwanawe, aliyekuwa anakaa Dar na mama yake. Binamu yangu alinizidi mwaka mmoja, alisoma shule ya Kiingereza, na viatu vyake viliwaka taa kisiginoni akitembea. Binamu kwa binamu ni watani, kwa hiyo hatukusalimiana, tulitukanana kwa furaha. Bibi akamwita mume wangu, akampa bagia ya kwanza kutoka karaini. Nikanuna.

Alipoliona boksi, akapiga yowe. Kumbe naye alikuwa mgonjwa wa mashujaa kama mimi! Sijawahi kumpenda mtu haraka namna ile. Nikachukua kitabu cha dada wa joho la njano, nikakaa naye karibu, watoto wenzangu wametuzunguka, nikafungua, nikaanza na daraja.

"Oya, oya! We vipi?" akasema. "Umeanzia mwisho!"

"Mwisho gani?"

Akacheka mpaka akalala chali. "Mshamba wewe! Unasoma katuni kama msahafu! Nani kakufundisha?"

"Bibi."

"Bibi hajui kusoma!"

Bibi alikuwa palepale, hatua mbili kutoka kwetu. Akageuza bagia zake. "Kumbe vinaanzia huko?" akasema taratibu. "Basi nilikosea, mume wangu. Nilivishika nilivyozoea." Hakukasirika, na hilo liliniuma kuliko kama angemtandika kofi. Wale watoto niliokuwa nawanyima picha wakaanza kunicheka mimi, na chini chini wakamcheka na yeye.

Binamu akakigeuza kitabu. Akaweka kidole kwenye picha ya mezani. "Hapa ndiyo mwanzo. Huyu mama yake. Ona, jiko linalipuka, mama anakufa. Ndiyo maana anakuwa shujaa, anataka kulipiza. Na huo moto hanyonyi, anautupa!"

Nikamng'ata. Hapa, juu ya kiwiko, na sikumwachia mpaka mjomba alipokuja kunibandua kama kupe.

Mjomba hakuwa mtu mbaya, ila mwanawe alikuwa na alama za meno na mimi sikuwa na udhuru. Akasema boksi litakwenda Dar na mwenye kuvijua vitabu, hapa vinaharibika bure. Nikaangua kilio cha kupigiwa mfano. Bibi akamwacha amalize, kisha akamwambia, "Boksi ulilileta nyumba hii, na hapa lina wasikilizaji. Idi pili, alasiri, wasome wote wawili, kitabu hichohicho kimoja. Hawa watoto ndio watakaosema vibaki au viende, maana vikiondoka hasara ni yao." Mjomba akacheka, akakubali. Alimjua mwanawe, na alijua Kiingereza kina nguvu gani barazani.

Idi mosi wenzangu walikuwa kwenye bembea na nguo mpya, mimi nimejifungia chumbani na kitabu. Nikakisoma kutoka kushoto, peke yangu, polepole. Hakuwa amedanganya hata kidogo. Mama alikuwa mezani, jiko likalipuka, mama hakuonekana tena. Moto ulitoka viganjani ukaingia kwenye majumba. Wezi waliiba. Bwana wa gazeti alianguka. Nililia mpaka kamasi zikachafua gauni la sikukuu.

Nikamwendea Bibi. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Bibi, kesho nisome upande gani?"

"Unaniuliza mimi niliyekosea?" akasema. "Hebu ondoka hapo, unanizibia mwanga, nitajikuna kidole."

Nikaondoka. Hakuna mtu aliyenisaidia kuchagua, nawaambieni, na usiku ule nililala nimekikumbatia kitabu nikidhani ndiyo mara ya mwisho.

Idi pili baraza lilijaa. Watoto wamepaka wanja, wamenyoa, mifuko imejaa peremende. Mjomba alikuwa amekwisha kulifunga boksi kwa kamba. Binamu yangu akaanza, maana mgeni njoo mwenyeji apone.

Alikuwa hodari, Mungu shahidi. Alikuwa anasoma Kiingereza kile, kisha anakifungua kwa Kiswahili cha mjini chenye mbwembwe, na kwa mara ya kwanza tukajua wale watu walikuwa wanasema nini muda wote ule. Jitu la chuma lilikuwa na jina! Watoto walimtumbulia macho. Jiko lilipolipuka mmoja akashika mdomo. Nikajua nimekwisha. Akaenda, akaenda, moto, ngumi, majumba yanaporomoka, mpaka darajani. Jitu likalikanyaga daraja. Daraja likamwangukia dada wa joho la njano. Binamu akafunua ukurasa wa mwisho, mkono unatokeza kwenye kifusi, akasoma kwa sauti nzito, "Itaendelea." Akafunga kitabu.

Watoto wakasogea mbele, wakisubiri afunue tena.

"Haya, endelea," mtoto mmoja akamwambia.

"Ndiyo mwisho."

"Mwisho gani? Umesema itaendelea."

"Inaendelea kwenye kitabu kingine. Hapa hakimo."

"Kwa hiyo kafa?"

"Sijui."

"Hujui? Na Kiingereza chote hicho?"

Weee! Baraza likawaka. Mmoja anataka amtoe dada pale chini sasa hivi, mwingine anauliza majumba nani atayajenga, mwingine analia. Binamu akajitetea kwamba shujaa hafi, wakamwambia, tuoneshe. Hakuwa na cha kuwaonesha. Masikini, sauti ilianza kumtetemeka, na hapo ndipo nilipojua nitakavyofanya. Nikasimama. Nikachukua kitabu mkononi mwake.

"Binamu yangu kasema kweli," nikawaambia. "Kitabu hiki mwanzo wake ni kushoto. Nimekisoma jana mwenyewe. Sasa mimi naanzia kulia, na naanzia kulia kwa kutaka."

Nikafungua. Dada yuko chini ya daraja. Nikawaambia wamtazame vizuri mkono ule, wauone vidole kama vimekufa au vina nguvu. Nikafunua, daraja likainuka, na baraza zima likainuka nalo! Sikuwa nafuata picha tu kama zamani. Nilikuwa najua kila jiwe linatoka wapi na linakwenda wapi. Jitu nililirudisha hatua kwa hatua kwa lile jina lake, na watoto wakalizomea kila hatua. Moto nikauita nyumba kwa nyumba. Wezi nikawafikisha benki na magunia yao, wakarudisha, na mtoto mmoja akapaza sauti, "Na chenji!" Bwana wa gazeti nikamnyanyua barabarani, na watoto wote wakamwambia pole kwa pamoja. Koo langu lilikuwa linakwaruza. Nilijisikia naweza kulinyanyua daraja lile kwa mkono wangu.

Nikafika kwenye nyumba inayowaka, msichana kasimama nje. Nikapunguza sauti. Nikaukunja moshi. Nikauingiza jikoni.

Binamu hakuweza kujizuia. Akaruka, "Lakini mama yake kafa! Kwenye kitabu kafa!"

"Kwako kafa," nikamjibu. "Kwangu ndiyo kwanza anapakua chakula."

Nikafunua picha ya mezani, nikaishika juu kwa mikono miwili ili hata walioko nyuma waone.

Kelele zikapasuka mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Walisimama upande wangu wote. Wengine waliniparamia mgongoni. Binamu yangu mwenyewe, macho mekundu, alikuwa ameinama kuiangalia ile picha, na nilipomsukuma kwa bega hakunirudishia. Bibi alikuwa ameacha bagia zinaungua. Bibi yangu, bagia zinaungua! Aliweka upindo wa kanga mdomoni na mabega yanamcheza, na hakuna aliyemcheka tena.

Nikamtazama mjomba, maana yeye ndiye mwenye boksi. Alikuwa amekaa kando kwenye kigoda. Akaninyooshea mkono, nikampa kitabu. Akakiweka mapajani kikiwa wazi palepale, kidole gumba kwenye upawa wa yule mama.

"Dada yangu alikuwa anapakua hivihivi," akasema. "Ukitaka wali lazima uinyooshe sahani mwenyewe. Asiyenyoosha alimwacha na njaa."

Sikuwahi kuambiwa hilo. Kwenye picha ya pasipoti huwezi kuliona.

Mjomba akaomba kisu, akaikata ile kamba ya boksi. Kisha akasogea na kigoda chake katikati ya watoto, akanirudishia kitabu. "Haya, mpwa wangu, anza tena," akasema. "Kulekule kulia." Watoto wakampisha akae mbele, nami nikaanza.